Darasa la Alhamisi la tuliokataliwa na ndugu, nimemaliza wiki 6 na haya ndo maoni yangu

Jamani nimemaliza lile darasa la Biblia la jioni hapa Mwanza, la watu waliotengwa na familia zao, na kwa vile wengi mmeniuliza kama linafaa acha niseme ukweli. Ni bure, unachangia tu 2000 ya fotokopi.

Mi ni mtoto wa nje. Msibani kwa baba ukasomwa wasifu, marehemu ameacha watoto 5, na mi wa 6 niko pale pale chini ya turubai nasikia. Sasa siku mwalimu kafungua Waamuzi 11, Yeftha anaambiwa na ndugu zake hutarithi katika nyumba ya baba yetu kwani wewe u mwana wa mwanamke mwingine, nililia daftari likalowa. Miaka yote hii nasali sijawahi kusikia mtu huyu akihubiriwa!

Semina nilizokwenda huko nyuma zote zinakimbilia msamaha, kapige magoti kwa shangazi zako yaishe. Huyu mwalimu hakufanya hivo. Alikaa kwenye habari za Yusufu, yule aliyeuzwa na kaka zake, wiki 2 nzima akatuonyesha kwenye Mwanzo 41 kwamba Yusufu alishapewa kazi ya kutunza nafaka ya Misri na alishamzaa Manase na Efraimu kabla kaka zake hawajatokea, yani Mungu hakusubiri wale 10 waombe radhi ndo ampe kazi, na hata walipokuja hakujitambulisha siku hiyo hiyo, alimfunga mmoja wao, Simeoni, kwanza akawapima. Mi nilikua nasubiri wanikubali ndo maisha yaanze, na nina miaka 34.

Kilichoniuma ni nadhiri ya Yeftha, aliapa kumtoa sadaka atakayetoka kwanza nyumbani kwake kumlaki akatoka binti yake, waliipita dakika 5 tu. Pale ndo pa kukaa, maana mtu aliyeumizwa kwao anaweza akaja kumuumiza mwanae na darasani tulijaa kina mama. Nilimwambia mwalimu, kakubali awamu ijayo itakua na siku yake.

Wiki ya 4 nilimchukua binti mmoja aliyefukuzwa kwao na mimba, namfundisha cherehani. Juzi kamaliza sketi yake ya kwanza ya shule na imeuzwa.

Nyota 4 kati ya 5. Wahini, viti vinajaa mapema.