Jiko la chuma la kuni: jipya au lililokarabatiwa? Uzoefu wangu Molo

Nimelitumia jiko hili kwa miezi 14 sasa, Julai mbili zikiwa ndani yake, na anayeijua Molo anajua Julai ya huku ilivyo. Ni jiko la kuni la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo, la kale, lililofunguliwa lote na kujengwa upya na fundi mmoja mjini Nakuru. Lilinigharimu shilingi 92,000 pamoja na usafiri, na bomba la moshi likala 21,000 nyingine. Jipya nililokuwa nikilitamani lilikuwa 185,000 kabla ya bomba. Hata hivyo sikuamua kwa bei, na namwomba anayetafuta jiko kama hili asianze na bei, kwa sababu nilibakiza siku moja tu nilipe 70,000 kwa jiko bovu lililopakwa rangi ya kupendeza.

Nyumba yetu ni ya mbao, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,500. Mama mkwe, ambaye watoto wangu wanamwita shosho, amepikia mafiga tangu ujana wake, na kifua chake kinatukumbusha hilo kila usiku. Gesi tunayo. Inachemsha chai ya alfajiri vizuri sana, lakini haipashi chumba joto, haikaushi sare za shule zilizofuliwa Jumapili yenye ukungu, na haiwezi kuchemsha maji ya kuoga watu 7 bila mtungi kuisha kabla ya mwezi. Tulitaka moto mmoja ufanye hayo yote, na moshi wake utokee juu ya paa badala ya kumpitia shosho kifuani.

Huku kwetu jiko la namna hii huitwa Dova, hata kama mlangoni limeandikwa jina jingine kabisa. Yalikuja enzi za walowezi, na mashamba yalipouzwa baada ya uhuru majiko yakabaki jikoni, maana kulitoa jiko la zaidi ya kilo 100 ndani ya nyumba ni kazi ya wanaume wanne. Ukizunguka Molo, Turi, Elburgon na Njoro utayakuta: mengine bado yanapika, mengine kuku wanatagia ndani ya oveni. Jirani yangu alitaka kuuza lake kwa kilo mwanzoni mwa 2022, akakuta serikali imesimamisha biashara ya vyuma chakavu. Jiko likabaki. Ndilo lililonionjesha chapati zilizochomwa moja kwa moja juu ya bamba la chuma, na hapo ndipo hamu yangu ilipoanzia.

Nilianza na mapya. La kwanza niliambiwa ni "kasti" tupu, yaani chuma cha kusubu pande zote. Nilipopapasa ndani nikagundua kilichosubiwa ni bamba la juu na mlango tu. Ubavu, oveni na mgongo vilikuwa bati nene lililochomelewa. Sumaku haitakusaidia hapo, kwa sababu inashika vyote viwili. Tazama kingo na kona. Bati lina mkunjo na mshono wa kuchomelea, ilhali chuma cha kusubu kina kona zilizomiminwa pamoja na uso wenye chembechembe upande usiopigwa msasa. Jiko la bati si baya, tena linashika joto upesi, lakini moto ukizimika nalo limepoa. Mimi nilitaka joto linalobaki mpaka watoto walale.

Jipya la pili lilikuwa limeagizwa kutoka nje, na sitalisema vibaya: mlango wa kioo, oveni yenye kipimajoto, mwili wa chuma cha kusubu pande zote. Nilimuuliza muuzaji swali moja. Wavu wa moto ukiungua, mwingine naupata wapi? Wavu ndio unaokaa chini ya makaa mekundu kila siku, kwa hiyo ndio unaotangulia kupinda na kukatika. Akasema utaagizwa, pengine miezi mitatu. Miezi mitatu bila moto, hapa kwetu? Kama kungekuwa na duka lenye vipuri kwenye rafu, ningelichukua lile jipya na kujibana kwa mengine, kwa sababu jiko jipya halina historia ya kufichwa.

Nilioneshwa pia AGA iliyokarabatiwa. Hilo ni jiko lililobuniwa mwaka 1922 na Gustaf Dalén, mwanafizikia wa Uswidi aliyepofuka katika mlipuko mwaka 1912 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka huohuo. Ni kazi ya kichwa kikubwa: moto mdogo usiozimika, chuma kinachohifadhi joto, na kizuizi cha joto kimeshindiliwa pande zote. Zamani kizuizi hicho kilikuwa udongo mweupe wa daiatomaiti, wa aina ileile inayochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Lakini AGA za zamani ziliundwa kwa makaa ya mawe, wala si kwa kuni. Hilo nililooneshwa lilikuwa limegeuzwa litumie mafuta, liwake usiku na mchana. Kwa mfuko wetu haiwezekani. Anayetafuta jiko la kale aulize kwanza lilizaliwa kula nini, kabla hajauliza lina oveni ngapi.

Sasa lile la 70,000. Lilikuwa kando ya barabara, jeusi linang'aa, vishikio vimepakwa fedha. Muuzaji akaniambia, "Mama, hili ni kama jipya, hata shika uone." Nilishika, nikapenda, nikaahidi kurudi na pesa kesho yake. Bahati yangu nilirudi na baba mdogo wa mume wangu. Huyu mzee alifanya kazi reli, na kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo na kusikiliza mlio. Alitoa spana mfukoni akaanza kugonga jiko polepole, kipande kwa kipande. Bamba la juu lilijibu kama kengele. Mlango, kengele. Ukuta wa kushoto wa oveni ukajibu "kop", kama kugonga debe lililojaa mchanga. Akarudia mara tatu, akaniita nisikie mwenyewe.

Tukawasha tochi ndani ya kasha la moto, tukafunika jiko kwa gunia kupata giza, tukachungulia kupitia oveni. Mstari wa mwanga, mrefu kama kidole cha kati. Ufa ulikuwa umezibwa kwa uji fulani wa kuziba kisha ukapakwa rangi juu. Ufa kama huo unaingiza moshi kwenye mkate, na kibaya zaidi unaweza kuingiza kaboni monoksidi chumbani, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Nina watoto wanaolala chumba cha pili. Nilikasirika na bado nina hasira, kwa sababu aliyeziba ufa ule aliuona kabla ya kuuziba.

Muuzaji alisema ni jambo la kuchomelea tu. Mzee akamjibu kwa upole kwamba si hivyo. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4, na ndiyo inayokifanya kiwe kigumu lakini chepesi kupasuka. Ukikichomelea kama geti, kinapopoa kinapasuka tena kandokando ya mshono. Inabidi kipashwe joto chote kwanza, kichomelewe kwa vijiti vya nikeli, kisha kifukiwe kwenye majivu kipoe taratibu. Kuna mafundi wanaoweza. Ila ukuta wa oveni unaolambwa na moto kila siku mimi nisingeuamini hata hivyo.

Fundi niliyenunua kwake nilielekezwa na yule jirani. Nilipofika, jiko langu lilikuwa chini, vipande 30 na kitu, vimepangwa juu ya magunia, bila rangi hata tone. Akanipa spana bila mimi kuomba. Niligonga kila kipande, na hiyo ndiyo dakika niliyoamua. Mtu akikuuzia jiko lililokarabatiwa, mwombe alionyeshe likiwa halijapakwa rangi, ikiwezekana likiwa limefunguliwa. Akikataa, nenda zako.

Juu ya bamba la juu alilaza rula ya chuma mbele yangu. Lilikuwa limenyooka, karatasi tu ndiyo ingepita chini. Matofali ya moto aliweka mapya. Kamba za zamani za kuziba hewa milangoni alizitoa kwa kuzilowesha maji kwanza na kuzifunga kwenye mifuko miwili, kwa sababu kamba na vibao vya kuzuia joto vya enzi hizo huweza kuwa vya asbesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Usikubali mtu azikwangue kavu. Badala yake akaweka kamba ya nyuzi za kioo. Kupima mlango alifungia karatasi, akaivuta: ikikwama, mlango umeshika; ikiteleza, hewa inapita. Alizunguka mlango wote hivyo.

Wavu ulikuwa umeliwa, akausubisha mwingine. Hapa nilijifunza kitu. Chuma cha kusubu kikipoa hunywea kwa karibu asilimia 1, kwa hiyo ukitumia wavu wa zamani kutengenezea umbo kwenye mchanga, mpya utatoka mdogo na utacheza. Yeye alichonga umbo la mbao kubwa kidogo kuliko wavu wenyewe. Nililipia nyavu mbili kwa mpigo.

Jiko lilikuwa na boila mgongoni, yaani chombo cha kuchemshia maji, na hapa ningeomba watu wawe wakali kuliko mahali pengine popote. Boila ya kale huoza kwa ndani usipopaona. Fundi aliijaza maji, akaipiga presha kwa pampu ya mkono, akaiacha usiku mzima. Pia alikataa kuifunga bila bomba la kupumulia linalopanda mpaka juu ya tangi na kubaki wazi. Maji yakichemka ndani ya boila iliyofungwa pande zote, kinachofuata ni mlipuko. Usiwashe moto boila ikiwa tupu, hata kwa chai ya haraka.

Kulifunga nyumbani kulichukua siku mbili. Chini tulimwaga zege. Nyuma, kwa kuwa ukuta ni mbao, tulisimamisha mabati yaliyoachiwa nafasi ya hewa kati yake na ukuta, na jiko likakaa mbali kidogo na mabati yenyewe. Panapopita bomba kwenye paa tuliweka la kuta mbili, likapanda juu ya kilele cha paa karibu mita moja. Mwanzoni mume wangu alitaka kulikata fupi ili lisitikisike na upepo. Tulilifunga kwa nyaya badala yake, na jiko linavuta vizuri.

Moto wa wiki ya kwanza ulikuwa wa magunzi tu, mdogo, asubuhi na jioni, ili simenti ya viungo ikauke bila kupasuka. Shosho alichoka kusubiri.

Linapika vipi sasa? Githeri inakaa pembeni ya bamba kutoka saa nane mchana mpaka jioni bila mtu kuiangalia. Viazi vinaoka kwa oveni na ganda lake. Ugali nautolea pete za bamba, sufuria ishuke karibu na mwali. Lakini sufuria zetu nyepesi zilizobonyea chini hazifai; zinagusa bamba mahali pamoja tu, na chakula kinaungua hapo huku pembeni kibichi. Nililazimika kununua mbili nzito za matako bapa. Oveni nayo inataka karibu dakika 50 kabla ya kuingiza mkate, kwa hiyo mwenye haraka abaki na gesi, kama sisi tunavyobaki nayo asubuhi.

Kuni zetu ni za miwati na matawi ya sipresi ya mpakani, zilizokaa chini ya paa karibu mwaka mzima. Mwezi wa Mei tuliishiwa, tukachoma mbichi kwa wiki mbili. Bomba likajaa lami nyeusi inayonata, moshi ukarudi ndani, na nilimsikia shosho akikohoa tena. Sirudii. Kila mwezi nafungua kidirisha kilicho chini ya oveni na kukokoa masizi, kwa sababu moshi huzunguka oveni nzima kabla ya kupanda, na njia hiyo ikiziba oveni haipati joto hata uweke kuni kiasi gani. Kilichomwagika juu ya bamba nakisubiri kipoe. Bamba la jirani lilipasuka kwa kitambaa cha maji baridi.

Dada yangu wa Kisumu aliliona akataka la kwake. Nilimkatalia. Jiko hili linatoa joto mchana kutwa, na kwa hali ya hewa ya Kisumu angelikimbia mwenyewe jikoni.

Wavu wa pili uko chini ya kitanda cha shosho, umefungwa gunia. Yeye amehamishia kiti chake upande wa oveni, na kikohozi cha usiku kimepungua, ingawa hakijaisha.