Wrangler 4xe bameikata: tamu ya kuendesha, lakini fikiri mara mbili kabla ya kununua ya okazioni hapa Lubumbashi

Basi njo hivyo, Jeep bameiweka kando Wrangler 4xe yabo. Mwezi wa kwanza 2026 kampuni mama, Stellantis, ilitangaza kwamba kule Amerika ya Kaskazini inaachana na haibridi zote za kuchomeka (zile za esanse na umeme, unazichaji kwa ukuta) kuanzia modeli za 2026, kwa hiyo Wrangler 4xe kwisha, Grand Cherokee 4xe kwisha, na ile minivan ya Chrysler Pacifica ya kuchomeka nayo kwisha. Balisema bateja bamegeuza mawazo, sasa bataweka nguvu kwenye haibridi za kawaida na zile zenye mota ya esanse inayofanya kazi ya kuchaji betri tu. Mie Wrangler 4xe nimeiendesha hapa hapa Lubumbashi, ya yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) mmoja aliyeitosha Dubai, na juu kila wiki mtu ananitumia picha ya tangazo kwa WhatsApp, "mukubwa, bei imeanguka, nichukue?", nimeona afadhali niandike yote fasi moja.

Nianze na utamu wake maana upo, na ni mwingi. Chini ya kapo kuna mota ya esanse ya litre 2 yenye turbo, silinda 4, halafu kuna moteri mbili za umeme, moja ndogo imefungwa kwa mkanda mbele ya mota, ingine kubwa imeingizwa ndani ya bwate ya otomatiki ya vitesi 8. Zote zikisukuma pamoja unapata farasi 375 na nguvu ya kuvuta ya Nm 637. Mtu anasikia farasi 375 anawaza kukimbia kwa barabara ya Likasi, lakini hiyo siyo kazi ya hii motokari, ukiipeleka mbio upepo unapiga kelele kwa milango na usukani unacheza kama kwa kila Wrangler. Utamu wake uko polepole.

Ngoja nikueleze. Kuko ile barabara ya udongo upande wa Katuba, mvua ikipiga wiki nzima maji yanachimba mfereji katikati, unapita gurudumu moja juu moja chini. Na Hardtop (ile Land Cruiser) ya mazuti unafanya mchezo wa embreyaji, mota inalia, moshi, bibi za kuuza makala banakuangalia. Na 4xe unaweka umeme mtupu na 4 ndogo (magurudumu yote manne, vitesi ya polepole yenye nguvu), unagusa aksileta kidogo tu kama mtu anayejaribu kama maji ni ya moto, na gurudumu linazunguka robo, linashika, linapanda. Hakuna kelele. Unasikia mawe yanavyosagika chini ya mpira, unasikia hata kuku wa jirani. Ukiachilia, moteri ya umeme inaishika gari isishuke mbio na inarudisha kidogo kwa betri. Shofere mmoja wa mine alikaa pembeni yangu akasema hii kitu iko na adabu. Mie sijaona mazuti yenye adabu ya namna hiyo, na nazipenda mazuti.

Halafu maji. Balioitengeneza banasema inapita maji ya sentimita 76 na betri yake iko imefungwa vizuri, ile betri ya 17.3 kWh, volti 400, iko chini ya kiti cha nyuma. Mie sikufika sentimita 76, nilifika magoti na ilipita bila neno, ila siyo motokari yangu kwa hiyo roho ilikuwa mkononi.

Sasa kitu chenye kinaniuma njo hiki. Kwa umeme peke yake inatembea karibu kilomita 35 ikiwa mpya, na Bamarekani banacheka hiyo namba, juu kwabo mtu anaweza kutembea kilomita 60 kwa siku ya kazi. Lakini wewe wa Bel-Air unaenda mjini, unapitia Carrefour, unachukua batoto masomo, unarudi, umefanya kilomita ngapi? Watu wengi wa hapa kwa siku ya kawaida habafiki 35. Na esanse yetu inatoka mbali, inapanda bei kila kukiwa na shida njiani, kuna siku mistari kwa stesheni inafika hadi barabara kubwa na batu bananunua ya bidon kwa bei ya wazimu. Mtu mwenye pano za jua kwa parseli yake, za kilowati 5 hivi, jua la Katanga la mwezi wa nane linaweza kumjazia hiyo betri kwa siku moja. Kwa wazo, hii motokari ilifaa Lubumbashi kuliko ilivyofaa Toledo kule Ohio ilikotengenezwa. Kwa wazo, nimesema.

Juu kwa matendo kuna mambo. La kwanza ni umeme wenyewe. Chaja yake ya ndani inakula kilowati 7 na kidogo, kwa chaja ya ukutani ya volti 240 betri inajaa ndani ya masaa mawili matatu, vizuri sana, lakini jaribu kuvuta kilowati 7 saa moja ya jioni mtaani wakati kila nyumba imewasha resho kwa kupika bukari, volti zinashuka hadi balbu zinakuwa nyekundu, jirani atakuja kugonga mlango. Unapaswa kuishusha ampere na kuchaji usiku katikati, kama delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) haijapita. Na zile za Marekani zinakuja na kichwa cha kuchomekea cha Kimarekani na kamba ya volti 120, usiichomeke kwa priza yetu ya 220 bila kusoma imeandikwa nini juu ya boksi lake, tafadhali.

La pili ni uzito na rezervuari. Inapita kilo 2,300, na rezervuari baliipunguza, ni litre 65 hivi wakati Wrangler ya kawaida ya milango minne ina 81. Betri ikiisha inakunywa karibu litre 12 kwa kilomita 100 kwa vipimo vya serikali ya Marekani, barabara nzuri, sasa weka mchanga, weka mizigo juu. Kuenda Kolwezi hakuna shida. Kuenda upande wa Kundelungu kuangalia maporomoko ya Lofoi, beba bidon. Tena iko na kitabia kimoja, ukikaa muda mrefu unatembea na umeme tu, esanse inazeeka ndani ya rezervuari, kompyuta inawasha mota yenyewe kwa nguvu mpaka ile esanse ipungue au uongeze mpya. Kuna watu banafikiri ni pane, banaikimbiza garaji. Siyo pane, iko hivyo kwa kitabu.

La tatu njo lenyewe, na hapa nakaa.

Hii motokari haikufa juu haiuzwi. Ilianza kuuzwa 2021, modeli yake ya Sahara ilianza karibu dola 48,000, na 2023 ilikuwa haibridi ya kuchomeka inayouzwa kuliko zote Marekani. Lakini wengi habakuinunua, balikodi, juu kwa kukodi kulikuwa mlango wa kupata ule msaada wa serikali wa dola 7,500 mzima. Tarehe 30 mwezi wa tisa 2025 msaada ulifungwa. Mwaka huo huo sheria mpya iliweka sifuri kwa faini za makampuni yenye motokari za kunywa sana, na hapo Jeep hakuwa tena na haja ya kubeba betri ya bei kali ili kusawazisha hesabu zake. Na bale balioikodi wengine habakuichomeka hata siku moja, kamba ya chaja ikabaki ndani ya plastiki yake.

Halafu betri. Seli zake ni za Samsung SDI, na shida ni ile ngozi nyembamba ndani ya seli inayotenganisha pande mbili, ikiharibika betri inaweza kushika moto hata gari ikiwa imezimwa. Baliitisha motokari zirudi kwa wakala zitengenezwe 2023, baliitisha tena 2024, balipitisha dawa ya programu, na mwezi wa kumi na moja 2025 baliita tena, Wrangler za 2020 hadi 2025 pamoja na Grand Cherokee za 2022 hadi 2026, zaidi ya 320,000 kwa Marekani peke yake, hata zile zilizokuwa zimeshapita kwa garaji mara ya kwanza. Neno lililotoka ni: usichaji, paki nje, mbali na nyumba na motokari zingine. Mwezi huo huo kukawa na wito mwingine wa zaidi ya 100,000, juu mchanga wa kumimina chuma ulibaki ndani ya mota. Na mwezi wa kumi, sasisho moja lililotumwa kwa intaneti lilifanya baadhi ya Wrangler 4xe kupoteza nguvu zikiwa njiani. Kwa mwisho wa mwaka mmoja tu, yote hayo.

Sasa fikiri. Mmarekani anapokea barua, anapeleka motokari kwa wakala, bure. Wewe wa Kampemba unapeleka kwa nani? Mekanisie wetu ni mashujaa, natosha kofia, nimeona mtu anafufua bwate ya Prado chini ya muembe na lampe ya simu. Lakini hapa kuna kamba za rangi ya machungwa zenye volti 400, huyo hafufuliwi mtu akizigusa vibaya. Na valizi nyingi za mjini (zile mashine za kusoma makosa ya gari) zinasoma mota na ABS vizuri, zikifika upande wa betri kubwa zinanyamaza ao zinatoa namba ambayo hakuna wa kuieleza. Kuna fundi mmoja aliambia yaya yangu kwamba anaweza "kuifungia" ile betri ibaki esanse tupu. Nilisema asiguse. Ukitoa sehemu ya umeme unabaki na nini? Wrangler nzito yenye rezervuari ndogo.

Na ngoja niseme tu hili, halafu niendelee: ndani ya hiyo betri kuna nikeli, manganese na kobalti, na karibu robo tatu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, huku Kolwezi na Fungurume, unapishana na malori yake kila siku kwa barabara ya Kasumbalesa. Inaenda ikiwa unga ndani ya mifuko, inarudi ikiwa kitu ambacho ukiwa mjini hapa hauna ruhusa hata ya kukichomeka kwa ukuta.

Turudi kwa bei. Bei zitaanguka, zimeshaanza, na njo maana matangazo yamekuwa mengi. Muuzaji mmoja wa kule Dubai alimtumia rafiki yangu picha ya 4xe ya rangi ya kijani, safi kama bibi arusi, alipoomba nomba ya chasi akaambiwa "tuma avansi kwanza". Hapo njo ungekimbia. Motokari za Marekani zinazopita Dubai, zingine zilizama kwa mafuriko, zingine ziligongwa, zikapakwa rangi. Kwa Land Cruiser iliyozama unaweza kupigana nayo. Kwa hii yenye betri chini ya kiti, hapana.

Kwa hiyo nani anunue? Kama uko na parseli kubwa ya kuipaki nje mbali na nyumba, uko na pano za jua, uko na motokari ingine ya kazi, na unapenda kucheza Jumapili upande wa Kipopo, na unaipata kwa bei ya Wrangler ya esanse ya mwaka ule ule ao chini zaidi, chukua, utacheka peke yako ndani ya matope. Kama inapaswa kukuletea chakula, nunua Hardtop ao Prado, hata ya zamani, piesi zake ziko kila kona ya komini yetu ya Kenya na kila mekanisie anaijua. Na kama ni hii teknolojia yenyewe unataka, angalia Bachina, GWM iko na Tank 500 ya kuchomeka yenye betri ya 37 kWh, zaidi ya mara mbili ya hii, na bo habajasema banaacha. Mie sijaiendesha kwa hiyo sitaisifu zaidi ya hapo.

Marekani ikiwa imeacha, piesi za pekee za 4xe hazitaisha kesho, gari ni nyingi kule na sheria zao zinabana kampuni. Lakini zitakuwa za kuagiza, na duani unaijua.

Kwa yule mwenye ameshatuma pesa, fanya hivi kabla meli haijafika: omba nomba ya chasi yenye herufi na tarakimu 17, siyo picha ya karatasi, picha ya ile iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa shofere. Ingia kwa tovuti ya NHTSA, ni ya serikali ya Marekani, ni bure, iandike, itakuambia wito gani haujafanyiwa kazi. Ikitokea wito wa betri uko wazi, omba ifanyiwe huko huko kama bado iko Marekani, gharama siyo yako. Ikiwa imeshafika Dar ao Durban, basi ikifika hapa iache nje usiku, na usiichomeke.