Bustani ya mimea pale Posta pamoja na Makumbusho: tulivyokwenda familia nzima na bibi

Watu wengi mnapita pale Samora mnaona miti mnadhani ni uwanja wa ofisi fulani ya serikali, kumbe ndio bustani ya mimea ya Dar yenyewe, ipo hapo tangu 1893 enzi za Mjerumani, kati ya Samora na mtaa wa Shaaban Robert, jirani kabisa na Makumbusho ya Taifa. Naandika kwa ajili ya wenye watoto ambao kila wikiendi ni swali lilelile, tuwapeleke wapi zaidi ya bichi na kula chipsi kwenye mall.

Niseme mapema, kama wanao wanachotaka ni bembea na lile puto la kurukia basi hapa siyo. Na ukubwa wake usije na matumaini ya kuzunguka mpaka jioni, ukitembea tu bila kusimama utamaliza haraka ushangae. Utamu wake ni kuipanga pamoja na makumbusho, afu uwe na mtu wa kuwasimulia watoto wanachokiona. Sisi mtu wetu alikuwa mama mkwe, katoka Muheza kaja Dar kucheki macho, sasa bibi wa Muheza ukimpeleka kwenye miti umemrudisha nyumbani.

Siku nenda Jumapili asubuhi. Mjini kumetulia, maofisi yamefungwa, foleni hakuna, ila uwahi kidogo maana watu wa ibada za St. Joseph na Azania Front wakishajaa kule chini parking inakuwa ya kuviziana. Jumamosi mchana mimi sishauri, maharusi na matarumbeta na wapiga picha, mtoto wako anaambiwa "sogea dogo upo kwenye fremu" kila dakika. Na kama una uchaguzi wa mwezi basi Juni mpaka Agosti, jua halichomi sana na masika yameshaisha ardhi imekauka, mkeka unatandika popote.

Usafiri ndio ulitutesa. Tulikuwa wengi nikakodi Noah kwa jamaa mmoja hivi, kwenye simu AC inapiga hatari, saa moja kamili nipo mlangoni dada. Saa moja ikapita, saa mbili "nipo hapo Ubungo", Ubungo gani hiyo isiyofika Kimara sijui, alivyokuja AC yenyewe ni madirisha na dirisha la nyuma halishuki. Mama mkwe akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo baridi uliyoisema unaiwasha au tunaipepea?" Hela yake niliikata na hakubisha. Kama mpo watatu wanne wala msihangaike, mwendokasi ya Kimara inawashusha Kivukoni afu mnatembea kidogo kwenye vivuli.

Haya, bustani sasa. Kitu cha kwanza muwatafutie watoto ni mnazi wa Shelisheli, ule wenye majani mapana kama feni, ni sehemu chache sana nje ya Shelisheli unaukuta. Asili yake ni visiwa viwili tu, Praslin na Curieuse, na mbegu yake ndiyo nzito kuliko mbegu zote duniani, moja inaweza kufika kilo 25, yaani nusu mfuko wa simenti unaning'inia juu ya mti. Tunda linachukua kama miaka sita saba kukomaa. Mwanangu wa darasa la sita akakaa kimya akipiga hesabu afu akasema "kwahiyo lililoanza nikiwa chekechea ndo linaiva saa hizi?" Hapo nikajua nauli yangu imerudi. Tausi nao walikuwepo, mmoja akamfuata kitinda mimba wangu hatua kwa hatua mpaka akapewa chapati, mtoto analia huku anakata vipande anarusha.

Sasa ile bustani haikuanzishwa kwa ajili ya kupunga upepo. Profesa Stuhlmann aliyekuwa mkuu wa kilimo wa Wajerumani aliifanya shamba la majaribio ya mazao ya biashara. Baba watoto alikuwa anasoma hayo kwenye simu kwa sauti, akaunganisha na kwamba mwaka huohuo 1893 ndio mkonge uliingia Tanga, Mjerumani mmoja, Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Mama mkwe akacheka, "Hiyo sitini na mbili ndo imemaliza mgongo wa baba yangu." Baba yake alikuwa mkata mkonge. Akaokota jani refu lililoanguka, akakaa kwenye mkeka, akawaonesha wajukuu jani linavyokatwa chini kwenye shina, ule mwiba wa ncha unavyotolewa kwanza usikuchome, afu yanavyofungwa mzigo. Mikono inakwenda yenyewe, watoto wote kimya hata wadogo zangu waliokuwa wanajipiga selfi wakaja kukaa. Bora hii kuliko kibao chochote kwenye mti.

Chakula beba mwenyewe. Mimi nilipika pilau usiku nikaweka kwenye hotpoti, kachumbari pembeni, ukwaju wa baridi, vyote ndani ya kikapu. Dawa ya mbu pakaneni asubuhi hiyohiyo msingoje giza, mbu wa dengue anauma mchana na Dar tulishaugua dengue ya kutosha 2014 na 2019. Taka zenu mrudi nazo.

Jua likipanda mnahamia makumbusho, ndani kuna kivuli na choo, na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni kwahiyo mtu mzima abebe kitambulisho. Palifunguliwa 1940. Watoto watang'ang'ania magari ya zamani ya viongozi, waacheni, ila wapitisheni na kwenye habari za Zinjanthropus, fuvu la jamii ya binadamu wa kale ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai 1959, umri wake kama miaka milioni 1.75. Nje kuna kumbukumbu ya waliokufa kwenye bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998, baba watoto alisimama pale muda mrefu, sikumuuliza. Na mkitoka kuelekea baharini simu za watoto ziwekeni mfukoni, Ikulu ipo palepale na pale hakupigwi picha.

Mama mkwe sasa ametuwekea nadhiri twende Amani, bustani ya Wajerumani ya 1902 kule juu ya Muheza, anasema hii ya Posta ni kitalu tu mbele ya ile. Tumepanga Agosti shule zikifunga, na gari natafuta yenye gia za kupanda mlima, maana ile barabara ikilowa hata wenyeji wanashuka wanasukuma. Yule wa Noah ameshanipigia eti AC imetengenezwa.