BODIPY 581/591 C11 kwenye utando wa seli: uzoefu wangu

Kwa kupima uoksidishaji wa mafuta ndani ya utando wa seli hai, BODIPY 581/591 C11 (kwa kifupi C11), rangi inayong'aa chini ya mwanga, ndicho kiashiria ninachokitanguliza. DCFH-DA, rangi nyingine ya kupima uoksidishaji, ni rahisi, lakini ikishakatwa na vimeng'enya hubaki kwenye saitoplazimu, kwa hiyo haisemi lolote la uhakika kuhusu utando.

C11 hujichomeka katikati ya mafuta ya utando. Radikali (molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake) zikishambulia bondi zake, mng'ao huhama kutoka nyekundu (nm 590 hivi) kwenda kijani (nm 510 hivi). Yaani unachosoma ni kuoksidishwa kwa rangi yenyewe, si kwa mafuta ya seli. Ukilisahau hilo utatafsiri vibaya kila grafu.

Chupa ya mg 1 naiyeyusha kwa mikrolita 991 za DMSO (kiyeyushi), napata milimola 2. Igawe kwenye vichupa vidogo, gizani, −20 °C. Mikrolita 1 kwa kila mililita ya midia (kimiminika cha kukuzia seli) vuguvugu inatoa mikromola 2. Changanya kwanza, ndipo umwagie seli; tone la DMSO likiangukia seli moja kwa moja, utaona mabaka. Midia isiwe na seramu, kwa sababu albumini, protini ya seramu, huidaka rangi kabla haijafika kwenye utando. Dakika 30 kwa 37 °C, osha mara mbili, kisha pima papo hapo. Usizidishe dozi ili picha ing'ae: rangi nyingi hujizimisha yenyewe, tena humeza radikali ambazo zingeshambulia mafuta, ikawa kama umewapa seli dawa ya kinga.

Adui mkubwa ni leza. Mwanga wenyewe hugeuza nyekundu kuwa kijani, na picha inapendeza kweli, lakini ni ya uongo. Piga picha mfululizo kwenye sahani isiyowekwa dawa. Kijani kikipanda, punguza leza mpaka kitulie. Ripoti uwiano wa kijani kwa jumla ya kijani na nyekundu, maana kijani peke yake hubadilika pia kwa wingi wa rangi iliyoingia.

Kontroli (sampuli za kulinganishia) hazina mjadala: kumini haidroperoksidi mikromola 100, inayozalisha radikali ndani ya seli, au RSL3, dawa inayochochea feroptosisi (kifo cha seli kinachotokana na uoksidishaji wa mafuta) ukiichunguza hiyo, na sahani nyingine yenye RSL3 pamoja na ferostatini-1, dawa inayoizuia. Ferostatini isiposhusha kijani, usiamini matokeo.

Rangi hii haikai kwenye utando wa nje tu. Husambaa hadi retikulamu ya endoplazimu na matone ya mafuta. Pia haiitikii superoksidi (aina ya radikali ya oksijeni), wala haidroperoksidi ya mafuta iliyokwisha kuundwa. Kupima haidroperoksidi hiyo, tumia rangi ya Liperfluo, au ya DPPP kama hadubini yako ina mwanga wa nm 350 hivi, ukijua mwanga huo huumiza seli. Na usijaribu kufiksi (kugandisha seli kwa kemikali): formaldehidi haishiki mafuta, na Triton, sabuni ya maabara, huiondoa rangi yote.