Ski-Doo Renegade: injini ya 600R E-TEC au 900 ACE?

Pikipiki hii ya theluji inatengenezwa Valcourt, Quebec, na imewahi kutolewa kwa injini zote mbili. Jaribu pikipiki mbili, moja ya kila injini, zikiwa na mkanda (utepe wa mpira unaoisukuma pikipiki kwenye theluji) wa urefu mmoja, inchi 137, na skii (vibao vya mbele vya kuongozea) za aina moja, na springi zirekebishwe kulingana na uzito wako. Bila hivyo utakuwa unalinganisha springi, si injini.

Sisitiza kuwasha mwenyewe, injini ikiwa bado baridi, uone inavyowaka.

600R ni ya mipigo miwili, silinda mbili, takriban nguvu za farasi 125. Ukigusa akselereta inaruka papo hapo, na pua yake ni nyepesi. Lakini inachoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo lazima tangi la oili lijazwe mara kwa mara, na hiyo ni gharama ya msimu mzima.

900 ACE ina mipigo minne na silinda tatu. Nguvu ni pungufu, ila ni kimya, hula petroli kidogo, na oili hubadilishwa kwa ratiba. Uzito wake unakaa mbele. Ukiachia akselereta kwenye kona ya mteremko, injini inavuta breki, uzito unalalia skii na mkia unaweza kuteleza. Jaribu kona hiyo taratibu, mara kadhaa. Kisha iingize kwenye theluji laini: pua huzama, na kuinasua ni kazi ya watu wawili.

Kwa safari ndefu za njia zilizosawazishwa, chukua 900. Anayependa kutoka nje ya njia achukue 600R.