Michenzani na Mji Mkongwe: mstari au vurugu?

Ukisimama kwenye mzunguko wa Michenzani, Unguja, unaona mbali. Maghorofa marefu yamenyooka kufuata barabara, kila jengo na namba yake. Yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ili watu wa Ng'ambo, mitaa iliyo mashariki ya Mji Mkongwe, wapate makazi ya kisasa. Lilikuwa jambo kubwa, na silibezi hata kidogo. Mwanga unaingia, na mtu ukimwelekeza nyumba hapotei.

Tembea kidogo kuelekea magharibi, unaingia Mji Mkongwe, na mstari unakwisha. Huku mtu alijenga, jirani akaegemeza ukuta wake, na kilichobaki katikati ndiyo njia. Kichochoro kinapinda, kinabana hadi watu wawili wanapishana bega kwa bega, kisha ghafla kinafunguka mbele ya msikiti. Mgeni anaona vurugu tupu. Lakini saa saba mchana, jua la utosini, lami ya Michenzani inachoma, na huku unatembea kivulini. Wazee wamekaa barazani, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, na kila apitaye anatoa salamu, maana hakuna pa kupitia kwa mbali. Salamu ile imezaliwa na ufinyu wa njia.

Gari la zimamoto? Michenzani inashinda bila ubishi. Lakini mtoto wa kumtuma dukani, macho ya mtaa mzima yakimsindikiza, mimi nachagua vichochoro.