Tepu ya kupimia miti, mita 5, faibaglasi: nyota nne, ya tano imefutika pamoja na tarakimu

Tepu hii nimeinunua Bengaluru, India, kwenye duka la vifaa vya wapima ardhi, kwa pesa isiyofika rupia 500. Ni faibaglasi iliyopakwa plastiki ya njano, inakaa kwenye kasha la duara lenye kimkono cha kuikunjia. Upande mmoja una sentimita za kawaida. Upande wa pili umeshagawanywa kwa 3.1416, kwa hiyo ukiizungusha kwenye shina unasoma kipenyo palepale bila kikokotoo. Naitumia Kodagu, jimbo la Karnataka, katika misitu ya milima ya Western Ghats isiyopukutisha majani. Upande wa Uppangala mvua hupita milimita 5,000 kwa mwaka. Mliosoma misitu Morogoro mkapelekwa Amani, kule Usambara, kwa mafunzo, zidisheni mvua ya Amani mara mbili na ushee, halafu ongezeni ruba.

Kazi yenyewe ni kujua msitu una spishi zipi na kila moja ina nafasi gani humo. Tunatandaza kamba, tunapata ploti ya mita 20 kwa 20, kila mti wenye mzingo wa sentimita 30 na kuendelea unapigiliwa kibati cha alumini chenye namba, unapimwa kwenye kimo cha mita 1.3, unaandikwa jina. Wageni wa kazi hii humalizia pesa kwenye kamera na programu za simu za kutambua majani. Sawa, kila mtu na mfuko wake. Ila mti hauulizwi jina mpaka tepu iseme umefika.

Na hapo ndipo tepu mbovu inapoharibu utafiti mzima bila mtu kujua. Chini ya miti mikubwa ya Uppangala umejaa mti mdogo uitwao Humboldtia brunonis, jamii ya kunde, wenye vijiti vilivyovimba na kuwa tupu ndani, sisimizi wamefanya nyumba humo. Mashina yake ni mengi kupita kiasi na membamba, mengi yanachezea hapohapo kwenye sentimita 30. Sasa chukua futi kamba ya fundi cherehani, ile laini ambayo kambi nyingi zinaitumia kwa sababu ni rahisi. Ikilowa na kuvutwa kila siku inarefuka. Ikirefuka kwa asilimia 2 tu, shina la sentimita 30.5 linasomeka 29.9, na mti umeachwa nje. Fanya hivyo ploti hadi ploti uone Humboldtia wangapi watapotea kwenye hesabu. Misitu ya aina hii wataalamu huipa jina la miti mitatu, Dipterocarpus indicus, Kingiodendron pinnatum na huyohuyo Humboldtia, kwa hiyo si mti wa kupoteza kizembe.

Kwa majitu makubwa kosa linakuja kwa njia nyingine, maana eneo la shina, yaani ukubwa wa uso wake kama lingekatwa, linakwenda kwa mraba wa mzingo. Vateria indica mmoja wenye mzingo wa mita 3 ana eneo sawa na mashina 100 ya sentimita 30. Ukikosea asilimia 2 kwenye mzingo, umekosea karibu asilimia 4 kwenye eneo, na eneo ni moja ya vitu vitatu tunavyojumlisha kupanga nani ni wa kwanza na nani wa pili msituni. Vingine ni idadi ya mashina na mara ngapi spishi imeonekana kwenye ploti. Tepu hii naipima kwa rula ya chuma ya mita moja kila tunapoanza ploti mpya. Haijaachana nayo hata milimita moja. Kwa hilo tu nimeipa nyota tatu.

Nyota ya nne ni ya ule upande wa kipenyo. India wengi wanapima mzingo na kuanzia sentimita 30. Sisi nyumbani tumezoea kipenyo na kuanzia sentimita 10. Si kitu kimoja: mzingo wa 30 ni kipenyo cha 9.55, na kipenyo cha 10 ni mzingo wa 31.4. Anayetaka kulinganisha Kodagu na Usambara lazima ajue mashina yaliyo katikati ya hizo mbili, na hapa unageuza tepu tu.

Utomvu nao umeijaribu. Myristica, ndugu yake kungumanga, hutoa utomvu mwekundu ambao ukikauka unatoka kwa kitambaa chenye maji. Holigarna ni habari nyingine. Utomvu wake ukipigwa na hewa unakuwa mweusi tii, na ngozini unatoa malengelenge. Ni familia moja na mkorosho, aliyewahi kubangua korosho kwa mikono ananielewa. Mzee tunayefanya naye kazi, mwenyeji wa hukohuko, huuona mti huo kabla yetu sote na kunipigia kelele, "Akka, beda!", yaani dada, acha. Weusi ule haujatoka kwenye tepu kwa sabuni wala spiriti, lakini plastiki haikuliwa.

Sasa lawama. Tarakimu zimechapwa juu juu. Miti mingi ya msitu wa namna hii ni membamba, kwa hiyo kipande cha sentimita 28 hadi 60 ndicho kinachosuguana na magome kutwa, na ndicho kilichofutika. Kuanzia mita 2 kwenda mbele inang'aa kama jana. Yaani imekufa pale ninapoihitaji zaidi. Nimeandika upya kwa makapeni isiyofutika na baada ya siku chache narudia. Mtengenezaji angechonga tarakimu badala ya kuzichapa, ningelipa hata mara mbili.

Mita 5 zinatosha. Dipterocarpus mwenye mizizi iliyosimama ubavuni kama mbao hazungukwi chini, unapanda ngazi na kupima juu ya mizizi, na huko mita 5 hazijaniangusha.

Kama utanunua, angalia ncha kabla hujatoa pesa. Nyingine sifuri inaanzia ukingoni mwa pete ya chuma, nyingine inaanzia kwenye mstari uliochapwa sentimita kadhaa mbele, na dukani zinalala kwenye boksi moja. Hii yangu inaanzia kwenye mstari. Chagua za aina moja kwa timu nzima, na chukua yenye ndoano ya kushika gome, maana mwenzako atakuwa ameinama anatoa ruba kwenye soksi na utapima peke yako.